Ng'ombe wa Babu Hawahesabiwi

Daa, Karatu
27 Desemba 2023

Kwa wifi Soila,

Salamu. Huku Daa kaka yako Sairowua ni mzima na amesharudi lindoni kule loji, Nasieku ni mzima ila hana raha, na mimi ni mzima kabisa. Wewe sijui kama ni mzima, na kusema kweli leo sijauliza. Ninayemuulizia hali ni mama mkwe. Mwambie mkwe wake anamsalimu kwa heshima zote.

Naandika karatasi kwa sababu namba yangu umeifungia. Sawa. Karatasi haifungiwi, na Yasini ameniahidi kwamba akipeleka unga na sukari kwenye maduka ya huko Nainokanoka, hii ataishusha mkononi mwako yeye mwenyewe.

Sasa nisikilize. Kutoka kwenu mpaka geti la hifadhi, kutoka getini mpaka Karatu mjini, sikufungua mdomo. Mimi, Bibiana, ambaye Daa nzima inajua sinyamazi hata nikiumwa jino! Kaka yako aliogopa, akanunua mahindi ya kuchoma, nikayashika tu mkononi. Nilikuwa napanga maneno, na ndiyo haya.

Mtoto wangu ana miaka minne. Minne, wifi! Jioni ya Krismasi wazee wamekaa, wageni wamekaa, ng'ombe wa baba mkwe wanaingia bomani, nami nikamwambia, haya mama, waonyeshe babu zako ulichojifunza. Akasimama mlangoni pa boma na gauni lake jipya la njano, akanyoosha kidole, akahesabu. Moja, mbili, tatu, hakuruka, hakurudia, mpaka akavuka ishirini. Kwetu Wambulu mtoto wa hivyo anabebwa mabegani. Kwenu wazee walinyanyuka mmoja mmoja, mama mkwe akaanza kutema mate na kuomba, na wewe ukaja mbio, ukakamata mkono ule ule wa kuhesabia ukaushusha, ukasema ukoo wote ukisikia: "Mama yako amekufundisha hesabu, adabu amesahau." Watu wakacheka. Hata Benson wako, ambaye hajui kufunga kamba ya kiatu, akacheka.

Unajua mtoto yule nimemfundishaje? Pale zahanati walileta semina ya wazazi wenye watoto wadogo. Dada Salha, ndiye mwezeshaji, akatuambia kichwa cha mtoto kinaanza kujengwa nyumbani, msimsubiri mwalimu. Ongea naye ukiwa unafanya kazi zako, muulize, mwache ajibu hata kama anakosea. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikaa mbele. Tangu siku hiyo nikichambua maharage, Nasieku anachambua na mimi, mekundu huku, ya njano kule. Nikiinjika chungu, namuuliza mafiga ni mangapi. Nikirudi kwenye kibarua cha vitunguu mgongo umekufa, bado nakaa chini ananisimulia siku yake, na mimi nasema enhe, ikawaje? Nimeishia darasa la saba, wifi, lakini mtoto wangu hataishia hapo.

Hicho ndicho ulichokishusha kwa mkono wako. Tangu tumerudi hahesabu. Nikimuuliza mafiga ni mangapi, anaficha mikono nyuma.

Nitakulipa. Sijui lini, lakini itakuwa mbele ya watu wale wale, mlangoni pale pale.

Wifi yako,
Mama Nasieku


Nainokanoka
14 Januari 2024

Kwa mke wa kaka yangu,

Hatujambo. Baridi ni kali, ukungu haujaondoka tangu mlipoondoka ninyi. Mama anakusalimu. Nimemsomea barua yako yote, hata pale unaponitukana, na amecheka.

Ng'ombe hawahesabiwi. Watoto hawahesabiwi. Chenye uhai ukikitaja idadi yake kwa sauti, umemwonyesha mwenye kupunguza pa kuanzia. Baba anawajua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na hajawahi kuwataja ni wangapi tangu azaliwe. Una miaka sita kwetu. Unauliza bei ya kila shanga sokoni, hili hukuuliza.

Siku chache baada ya ninyi kuondoka fisi alimchukua ndama wa Naibor, yule ng'ombe mweupe. Sisemi kitu. Naandika tu kilichotokea.

Mtoto sikumpiga. Nilishusha kidole. Ungekuwa unajua kazi yako, ungekishusha wewe kabla sijafika.

Asiletwe huku mpaka afundishwe.

Wifi yako mkubwa,
Mama Benson


Daa
2 Februari 2024

Wifi,

Sisi wazima. Poleni na ndama, hilo nasema kwa moyo wote, maziwa ya Naibor nimeyanywa nikiwa na mimba.

Lakini fisi hajui hesabu. Fisi anajua njaa. Kijana aliyelala zamu yake ya kuchunga ndama mmemshusha kidole?

Umesema asiletwe. Haletwi. Na mimi siji. Tutaona nani atamtafuta mwenzake kwanza.

Mama Nasieku


Nainokanoka
17 Novemba 2024

Kwa wifi Bibiana,

Naanza kwa salamu, na safari hii ni salamu za kweli. Mama anaumwa magoti lakini anatembea. Baba hajambo. Mimi hivyo hivyo.

Mwaka unaisha hatujaandikiana na ningependa uishe hivyo. Lakini Benson ametimiza miaka mitano, Januari anatakiwa aanze awali. Shule ni mbali na njia inapita kwenye kichaka cha nyati. Mwezi uliopita nyati aliwatimua watoto wa jirani, mmoja akaanguka korongoni akavunjika mkono. Baba amesema Benson ashuke Daa kwa mjomba wake, aanze shule pamoja na Nasieku. Nilisema hapana. Nikasema tena hapana. Baba akishasema unamjua.

Kwa hiyo naomba. Hilo neno nimeliandika, lisome mara moja tu.

Najua una kitu unakisubiri. Usikifanye juu ya mtoto.

Mama Benson


Daa
24 Novemba 2024

Wifi yangu mpenzi!

Salamu tele, tena salamu zenye sukari. Mimi nina afya ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Mama mkwe nimempa Yasini dawa ya magoti amletee, apake asubuhi na jioni.

Lile neno nimelisoma mara nyingi kuliko ulivyoruhusu. Nimemsomea kaka yako. Nimemsomea jirani yangu Leonida, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. Halafu nikalisoma jikoni peke yangu nikiwa nageuza ugali.

Mlete Benson. Wala usihangaike na godoro, lipo. Atakula anachokula Nasieku, na nyama akipata ndogo basi wamepata ndogo wote. Kisasi changu sikiweki kwenye sahani ya mtoto, mimi si mtu wa hivyo. Nitakiweka kichwani mwake.

Ndiyo. Nitamfundisha. Kila siku, kila jioni, maharage, vizibo, hadithi, nyimbo, mpaka akirudi kwako kila anachokijua kiwe kimetoka kwangu. Akikusomea maandishi ya mfuko wa unga, utasikia sauti yangu. Ukikaa ukimsifu, utakuwa unanisifu mimi. Nimetafuta kisasi mwaka mzima, kumbe unakiosha uso mwenyewe na kukipandisha kwenye gari!

Mvalishe sweta, njiani kuna upepo.

Wifi yako,
Mama Nasieku


Daa
1 Machi 2025

Wifi,

Huku wazima. Benson mzima, amenenepa, mashavu yamejaa. Mwanzoni hakutaka kula mboga za majani, akasema yeye si mbuzi. Sasa anakula.

Nina habari na nimeivumilia wiki nzima niiandike vizuri.

Mwalimu wa awali aliwabandikia picha ubaoni. Ng'ombe wanakula nyasi, mlima nyuma. Akamuuliza Benson, "Ng'ombe wangapi?" Kimya. Akamuuliza tena. Anatazama vidole vya miguu yake. Watoto wote wamesema, Nasieku amepiga kelele mpaka akaambiwa akae, Benson kimya! Mwalimu akaniita, akaniambia pale kwenye geti wakati wa kuwachukua watoto: "Mama, huyu nyumbani hakuandaliwa."

Aa, wifi, ningekuwa na tarumbeta! Hakuandaliwa nyumbani! Nyumbani kwa nani? Nikajibu kwa sauti, wazazi wote wasikie: "Mwalimu, huyo si wangu. Huyo ni wa wifi yangu, katoka huko juu." Nikatembea kurudi nyumbani kama bibi harusi.

Usiogope, nimeshaanza kazi. Maharage anahesabu. Vizibo vya soda anahesabu. Nikichora ng'ombe ukutani kwa mkaa, mdomo unafungwa kama mlango wa duka wakati wa swala ya Ijumaa. Nimewatungia wimbo wa kuhesabu vitu vya jikoni, na mwisho wake nimeweka ng'ombe wa babu makusudi. Akifika hapo ananyamaza, Nasieku anamalizia peke yake. Sina haraka. Maji yanachemka taratibu.

Wifi yako,
Mama Nasieku


Nainokanoka
22 Machi 2025

Wifi,

Sisi wazima.

Nina swali moja tu. Uliposema "huyo si wangu", Benson alikuwa amesimama wapi?

Mama Benson


Daa
15 Juni 2025

Wifi Soila,

Salamu kutoka kwa wote. Mama mkwe magoti yanasemaje? Mvua huku ilikuwa nzuri, maharage tumepata, mahindi si haba.

Alikuwa ameshika sketi yangu. Haya, nimekujibu. Sijalisema tena.

Sasa nikueleze mambo, maana usipoyasikia kwangu utayasikia kwa Yasini, na Yasini anaharibu hadithi.

Siku moja baada ya kuvuna tunachambua mbegu, mimi na watoto. Kila aina tunabakiza punje moja kwenye sinia, nyekundu, ya njano, nyeusi, yenye madoa, ili wajue pa kuweka nyingine. Benson amekaa upande wa pili, wala hatazami, anachezea mkia wa paka. Akasema, "Mama, ya madoa haipo." Nikamwambia ipo. "Haipo." Nikatafuta. Iko chini ya kigoda changu! Nikasema hii ni bahati. Nikapanga vitu vya jikoni: mwiko, kijiko, kikombe cha bluu, kifuniko, betri ya tochi, kitana, kopo la chumvi. Nikavifunika kanga, nikavuta kimoja, nikafunua. "Kitana." Nikaongeza vitu. "Kikombe." Nikabadilisha nafasi zake nimchanganye. Akacheka, akasema, "Umevihamisha tu, kilichoondoka ni kijiko."

Nikamuuliza nani kakufundisha. "Koko. Jioni tunasimama mlangoni ng'ombe wakiingia, ananiuliza, nani hayupo?"

Kumbe! Basi mama mkwe anaendesha semina huko na hajatuambia.

Jumatano iliyofuata nikambeba kwa kina mama wa zahanati. Leonida alikuwepo na mtoto wake wa shule ya kulipia, yule anayesema gudi moningi mpaka kwa kuku. Nikamwaga kikapu kizima chini. Viatu vya kina mama, funguo, ndala, chupa, kila kitu. Nikafunika, nikaficha. Wifi, alivitaja kimoja kimoja kama anasoma! Dada Salha akapiga makofi, akasema huo mchezo tuupeleke kila nyumba. Leonida akauliza, "Huyu ndiye yule wa wifi?" Nikamwambia, "Ulisikia vibaya. Huyu ni mwanangu."

Kwa mwalimu pia nilikwenda. Nilimweleza habari ya ng'ombe kutohesabiwa, akashangaa, akasema, "Nimefundisha hapa siku zote na hakuna mzazi aliyewahi kuniambia." Akachora machungwa. Benson akayahesabu yote na majani yake. Nami nyumbani nimebadilisha mwisho wa wimbo.

Ananiita mama. Sikumwambia aniite. Kaanza mwenyewe.

Lakini usije ukafikiri nimesahau. Nasieku kidole chake kimerudi kunyooka, ila mpaka leo kabla ya kuhesabu anatazama kwanza nyuma kama kuna mtu anakuja. Mimi naona. Kila nikiona, deni linaamka.

Wifi yako,
Mama Nasieku


Nainokanoka
29 Juni 2025

Wifi,

Wazima.

Mwanao?

Basi mwambie mwanao kwamba yule ng'ombe mweusi, Narok, amezaa. Ndama ana doa jeupe kama sarafu, katikati ya macho. Mwambie mama yake ndiye aliyemletea habari. Usiseme "wifi". Sema "mama yako".

Mama Benson. Mama Benson.


Daa
20 Novemba 2025

Wifi Soila,

Salamu. Wote wazima, Benson ameng'oka jino la mbele na amelihifadhi kwenye kopo la mafuta amwonyeshe koko.

Krismasi tunapanda wote, baba mkwe ametuita. Miaka miwili sijakanyaga Nainokanoka. Kwa hiyo nakuandikia mapema, sitaki useme nilikushtukiza.

Nilikuahidi mlangoni pale pale. Sasa nimepata.

Benson siku hizi anahesabu mpaka mia, anarudi kinyumenyume akitaka. Nimemwambia hivi: siku tukifika, ng'ombe wakianza kuingia, wazee wakiwa wamekaa, simama aliposimama Nasieku, unyooshe kidole, uhesabu ng'ombe wa babu kwa sauti. Ametikisa kichwa. Nikamwahidi vile viatu vinavyowaka taa ukikanyaga, ambavyo amevililia kila tukipita mjini. Akafikiri. Akasema, "Na Nasieku naye?" Nikasema na Nasieku naye. Viatu nimeshanunua na ameshavaa, hata kulala alitaka alale navyo.

Nataka nikae pale kwenye kigoda, nimevaa kitenge changu kipya, nitazame. Nani atakishusha kidole chake? Wewe? Mkono wa mwanao mwenyewe? Utamwambia nini, kwamba mama yake hana adabu?

Na usidhani utamficha. Nitamtafuta.

Tuonane Krismasi. Mwambie mama mkwe namletea vitunguu.

Wifi yako,
Mama Nasieku


Nainokanoka
10 Januari 2026

Kwa wifi Bibiana,

Salamu. Pole na malaria. Kaka alipofika na watoto bila wewe, mama alilia, na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu. Miaka miwili umejiandaa, halafu mbu mmoja! Natumaini umepona.

Najua kaka amekusimulia, lakini wanaume husimulia kwa maneno matatu. Ngoja nikusimulie mimi, ndiyo haki yako.

Barua yako niliipata na nilikosa raha kweli, kama ulivyotaka. Siku ile jioni baba na wazee wamekaa, wageni wamekaa, mbwa wanabweka, ng'ombe wanakuja. Benson akatoka, akaenda moja kwa moja mlangoni. Vile viatu! Kila hatua vinawaka, nyekundu, bluu, mpaka ndama wakagoma kuingia. Akasimama pale pale. Akanyoosha kidole.

Niliondoka nilipokuwa nikafika nyuma yake, mkono wangu ukiwa tayari. Halafu nikamwona Nasieku. Alikuwa amesimama pembeni, ananitazama. Hakumtazama Benson, alinitazama mimi, mkono wangu. Mikono yake yote miwili ameificha nyuma. Nikaurudisha mkono wangu ndani ya shuka. Nikasema moyoni, ahesabu. Aibu itakuwa yangu, nitaibeba.

Ng'ombe wakapita. Kidole kinawafuata. Mdomo umefungwa. Wa mwisho alipoingia, Benson akageuka, akasema, "Koko, Naibor hayupo."

Vijana walimbishia. Mama akasema kimbieni, kama mtoto amesema hayupo, hayupo. Walimkuta chini korongoni, amelalia ubavu, anataka kuzaa na hawezi kuinuka, na fisi wameshaanza kulia ng'ambo. Walimpandisha kabla giza halijaingia. Amezaa salama. Ndama jike.

Baba akamwita Benson mbele ya wazee, akamuuliza, huko Daa uliwezaje kukumbuka ng'ombe wetu? Akajibu kwa sauti ile anayozungumza siku hizi, sauti yako hiyo: "Tunacheza na mama kila siku, na maharage." Halafu akaongeza, wala hakuulizwa: "Mama wa Daa aliniambia nihesabu ng'ombe, lakini hawa hawahesabiwi. Viatu nirudishe?"

Wazee walicheka, wifi! Baba alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni. Sasa ukoo mzima unajua ulichopanga. Mtu akipita hapa anauliza, "Viatu vimerudi?" Kwa hiyo kisasi chako kimekurudia mwenyewe, nami sikunyanyua hata mkono.

Nasieku nilimwita baadaye. Nilimpeleka kwenye rundo la kuni, nikamwambia anisaidie, zinatosha? Alitazama nyuma. Nikamwambia mtu mwenye kushusha vidole ni mimi, na mimi niko hapa mbele yako. Akahesabu kuni zote. Nilimshikia gauni asichafuke.

Benson amebaki, hilo umeshaliona. Wamefungua shule shikizi hapa karibu, hakuna tena kichaka cha nyati, na baba amekubali. Sikukuuliza. Ulimwita mwanao bila kuniuliza.

Sasa nafika penye shida.

Kila jioni ananiletea sinia la maharage, ananikalia mbele, anasema imba. Naimba nyimbo zetu. Anatikisa kichwa. Anautaka ule wako wa mafiga. Nikimwambia aanze yeye, anasema anayeanza ni mama, yeye hufuata. Kaka hajui maneno, anajua mdundo tu. Nasieku ameshashuka. Nimejaribu kubuni, akaniambia kwa huruma kabisa, "Siyo huo, mama." Halafu anachambua kimya kimya, na mimi nimekaa kama mgeni nyumbani kwangu.

Nimeifungua namba yako. Nikapanda kilimani penye mtandao, nikapiga. Kumbe safari hii wewe ndiye umeifungia yangu.

Naomba maneno ya wimbo. Neno hilo ni la pili. Lisome mara unazotaka.

Wifi yako,
Soila, Mama Benson


Daa
25 Januari 2026

Wifi Soila,

Salamu nyingi. Malaria imeniacha, imeniachia masikio yanayovuma tu. Kaka yako mzima. Nasieku mzima, anahesabu kila kitu, juzi kanisani amehesabu madirisha wakati wa mahubiri, kwa sauti, na hakutazama nyuma. Kwa hilo nakushukuru. Nimeliandika kalamu ikigoma, lakini nimeliandika.

Viatu asirudishe. Waambie na hao wazee.

Barua yako ilikaa mezani wiki nzima sijaijibu. Sikuwa nachelewa. Nilikuwa nimekasirika. Kaka yako aliposhuka bila Benson nilikuwa nimeshatandika kitanda chake, na daftari la darasa la kwanza nimeshalifunika gazeti. Nasieku jioni bado anaweka sahani ya pili, halafu anaitazama, halafu anairudisha. Anasema, "Najua nani hayupo." Huyo naye ameshaambukizwa.

Neno lako la pili nimelisoma mara moja tu. Sikuwa na hamu ya kumsomea Leonida.

Namba yako bado nimeifungia na nitaifungua nikitaka. Lakini mtoto hawezi kukaa na sinia la maharage bila wimbo kwa sababu ya ugomvi wetu. Haya, kaa chini, kamata kalamu, maana nataka uunakili kwa mkono wako, ukae kichwani. Unaimbwa taratibu, na kila kitu anakigusa:

*Moja ni sufuria, imekaa peke yake.*
*Mbili ni vijiko, kimoja na mwenzake.*
*Tatu ni mafiga, moto uko kati.*
*Nne miguu ya meza, haitembei, haipiti.*
*Tano ni vizibo, nimeficha kimoja.*
*Nani hayupo, nani hayupo? Sema, nakungoja.*

Hapo unaficha kitu, anakitaja. Usimsaidie, hata akichelewa. Akikosea usicheke, mwambie tazama tena. Ng'ombe hawamo, kama unavyoona. Hakuna chenye uhai humo, niliwatoa mwenyewe. Unaweza kuuimba hata mlangoni pa boma, baba mkwe akiwa amekaa.

Na huu ndio mwisho wake, ambao niliuweka mahali pa ng'ombe wa babu:

*Nani kanifundisha? Mama Nasieku wa Daa,*
*mwenye akili nyingi, na sura inang'aa.*

Usikunje uso. Ndivyo ulivyo. Ndivyo alivyouimba hapa kila jioni.

Najua utataka kuuruka. Jaribu. Mmemlea wenyewe, wewe na koko, mkimsimamisha mlangoni kila ng'ombe wakiingia. Utaimba mpaka kwenye vizibo, utanyamaza, utajifanya unachambua. Naye atainua macho atakutazama, atakuambia, "Mama Nasieku hayupo."

Na utarudia mwanzo.

Mama yake wa Daa,
wifi yako,
Bibiana